Balbu ya saba

Mhariri, wiki hii mmeuliza: je, waajiri wanaohamia Dodoma wawajengee wafanyakazi wao mitaa ya nyumba, kama viwanda vya pwani vilivyofanya zamani? Nilitaka kujibu "hapana" nikaendelea na shughuli zangu. Nimeshindwa. Mimi ni mtoto wa kota.

Baba alitoka Mpwapwa akaenda pwani kufanya kazi kiwanda cha saruji, sitakitaja. Mwamba wa chokaa, yale matumbawe ya kale, ulichimbwa palepale. Tulikuwa na zahanati, shule, duka, uwanja wa mpira na king'ora cha zamu. Na vumbi. Kusi ikivuma, vumbi lote linalala kwetu. Nyumba za wakubwa zilikaa upande wa bahari, upepo unawafikia kwanza, ukiwa safi. Umande ukilikuta vumbi juu ya bati, linaganda. Mama akianua nguo, zimekakamaa kama ngozi ya mbuzi. Wanaolalamikia vumbi la Nkuhungu, hapa Dodoma, nawaambia hili la huku angalau linapanguswa.

Ila kwangu swali si nani ajenge. Siku kazi ikiisha, ufunguo unabaki kwa nani?

Miaka ya tisini, ubinafsishaji ulipofika, baba alipunguzwa. Afisa nyumba akaja Jumamosi na karatasi ya makabidhiano, ileile aliyosaini baba siku anaingia. Vitasa vinne, vipo. Mabomba mawili, yapo. Kioo kimoja kina ufa. "Ufa tuliukuta," baba akasema. "Haujaandikwa." Balbu saba. Akahesabu sita. Akarudi mlangoni akaanza upya, ananyoosha kidole kila taa kama anayehesabu mbuzi wakiingia zizini. Ya chooni iliungua tangu mfungo, tukawa tunaingia na kibatari. Bila ya saba hasaini, na asiposaini kiinua mgongo hakitoki. Nje lori linasubiri, utingo anapiga bodi, kuku wamefungwa miguu. Duka la kiwanda limeshafungwa tangu saa sita. Baba, mtu aliyeongoza zamu ya tanuri, akakaa juu ya ndoo akiangalia dari.

Mama wa nyumba ya pili akaingia kwake, akatoka na kitu ndani ya khanga. "Chukua, shemeji." Balbu, ina vumbi la saruji bado. Ikafungwa, ikawaka, wakatoka nje kusaini juu ya boneti ya lori. Kalamu haijainuka, mama ameshaifungua balbu na kunisukumia mkononi: pita nyuma, wahisha nyumba ya nne, nao wamepungukiwa. Nikakimbia. Baadaye nilisikia ilifika mpaka nyumba ya tisa. Afisa hakujua? Sidhani. Yeye mwenyewe alikaa kota ya mwisho ya mstari uleule, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kupunguzwa.

Ndani ya lori baba alisema neno moja tu la maana, kwamba tungejifunza kutokana na Kongwa. Wasomaji wa huku mnaijua: Waingereza walijenga mji pale kwa ajili ya mradi wa karanga mwaka 1947, na kufika 1951 mradi umeachwa. Mji unaojengwa kwa ajili ya kazi moja unasubiri kazi hiyo ife.

Kwa hiyo hapana. Kila mtu apewe mshahara wa kutosha anunue kiwanja chake, kama mimi, Nzuguni, ingawa chumba cha tatu hakijapauliwa mwaka wa tano sasa. Tena wakati wa CDA, mamlaka iliyosimamia viwanja vya Dodoma, ambayo ilianzishwa 1973 na kuvunjwa 2017, tulilalamika kwamba hata kiwanja chako si chako sana.

Lakini nikiandika haya naona aibu kidogo. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta simjui jina. Nalijua gari lake. Umeme wake ukikatika sijui, wala yeye wangu. Balbu ya saba ningeiazima wapi? Basi labda wajenge, mradi iandikwe siku ya kwanza kwamba makato ya kila mwezi yanaifanya nyumba kuwa ya mfanyakazi, na wakubwa wapangwe mtaa mmoja na wapiga chapa. Bila hilo, wasijenge. Au wajenge kidogo.

Mke wangu amesoma mpaka hapa akaniuliza, kesho ukipewa kota, utakataa? Nimemjibu kwanza nione karatasi ya makabidhiano.

Msomaji, Nzuguni