Kisima kinanuka tangu masika

Dada wa Kaole, pole kwa kuuguliwa. Umesema maji ya kisima yananuka, choo kiko mita 12 kutoka kisimani, na mtoto anaharisha: mpeleke zahanati leo, njiani mpe ORS (dawa ya kuchanganya na maji, ya kurudisha maji na chumvi mwilini). Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote.

Tatizo naliona kwenye choo. Mita 12 ni karibu mno. Inashauriwa angalau 30, na mchanga wetu wa Bagamoyo hupitisha uchafu upesi. Klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, itasaidia kwa muda, ila choo kisipohamishwa maji yatachafuka tena. Kwetu tulikihamisha, tukainua ukingo wa kisima na kusakafia pembeni.

Tafadhali, wakati wa kusafisha kisima, fundi asishushe pampu ya petroli ndani, moshi wake huua. Ukimaliza, peleka sampuli maabara ya maji.