Kumleta mama wa kiti mwendo madukani Mtwara mjini

Dada, umeuliza utamzungushaje mama yako wa kiti mwendo madukani Mtwara mjini, mkitokea Newala. Mlete, inawezekana kabisa. Ingieni sokoni mapema, jua halijawa kali na vijia havijajaa watu. Bajaji kodini ya kwenu peke yenu, mpatane bei kabla ya kupanda; kiti kikunjwe, kifungwe nyuma kwa kamba.

Kinachotesa ni ngazi na mitaro. Mwaka jana nilimpeleka shangazi kununua kanga. Duka la kwanza lina ngazi tatu mlangoni, muuzaji akaniambia nimbebe. Iliniuma sana. Tukavuka barabara, kijana wa duka la pili akatoa doti kama kumi nje, akamtandazia shangazi mapajani achague mwenyewe, asome na maneno yake. Nawe omba hivyo bila haya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike.

Choo ndicho cha kupanga mapema. Mchana kuleni kwenye mgahawa wenye choo cha kukaa, na ukague mlango kwanza kama kiti kinapita.

Nisalimie mama, mwambie shikamoo.