Kwa nini seli ya sola ya kikaboni huchoka mapema
Ndugu, umeuliza kwa nini seli yako ya sola ya kikaboni, yaani inayonyonya mwanga kwa molekuli za kaboni badala ya silikoni, uliyoifunga juu ya bati hapo Majengo, Moshi, imepoteza nguvu kabla masika hayajaisha. Ikiwa imepauka kuanzia ukingoni kuelekea ndani, basi oksijeni na unyevu vimepenya kwenye gundi inayoiziba, na kioo pande zote mbili kingeikinga vizuri kuliko plastiki. Lakini adui anayesahaulika ni mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua, kwa kuwa tabaka la oksidi ya zinki, linalotumika sana kupitisha elektroni, likipigwa na mionzi hiyo huchochea kuvunjika kwa molekuli zinazonyonya mwanga. Mimi ningeanza na kichujio cha kuzuia mionzi hiyo, hata kama umeme utapungua kidogo. Vilevile inyanyue kutoka kwenye bati, maana joto huvuruga mchanganyiko wa molekuli hizo ndani ya seli.