Kwale wa Udzungwa: kaa chini, umsubiri

Nilitoka Mombasa kwa basi hadi Dar es Salaam, kisha Iringa, kwa ajili ya ndege mmoja. Sisi wa Pwani kwale tunawajua tangu utotoni, lakini huyu wa Udzungwa ana misitu yake michache tu ya milimani. Wanasayansi hawakumjua hadi 1991. Inasimuliwa kuwa walikuwa kambini, wakaona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya kitoweo. Tena jamaa zake wa karibu wako Asia. Hilo peke yake lilitosha kunifungisha safari.

Ukitaka kumwona, tenga siku nne za msituni. Mbili hazitoshi. Kutoka Iringa mjini unapita wilaya ya Kilolo hadi kijiji cha Udekwa, halafu unapanda kwa miguu kuelekea msitu wa Ndundulu. Ni hifadhi, kwa hiyo kibali kishughulikie mapema. Wapagazi na mwongozaji wachukue palepale kijijini, na ukifika anza na "Kamwene", salamu ya Kihehe, kabla ya kuuliza lolote. Beba sweta nzito na soksi za kulalia. Usiku wangu wa kwanza niliumaliza macho kwa baridi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutembea mno. Siku mbili nzima nilipanda na kushuka, darubini mkononi, nikiamini kwamba nikifika mbali zaidi ndipo nitakapomkuta. Asubuhi ya pili tulisikia majani makavu yakichakurwa bondeni. Nikashuka mbio. Nilikuta ardhi imepekuliwa, majani yamegeuzwa upande wenye unyevu juu, na kimya. Mzee aliyekuwa akituongoza alinifuata taratibu.

"Mwanangu, unamfukuza. Huyu hafuatwi."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Kaa."

Kwale hawa hutembea kwa vikundi, wakipekua majani yaliyoanguka ili wapate wadudu na mbegu. Kwa hiyo acha kutafuta ndege, tafuta mpekuo mpya. Ukiupata, keti umeegemea mti, vaa nguo zisizong'aa wala kuchakacha, na usikilize. Sikio litakutangulia. Na nakuomba sana, usimchezee sauti yake kwenye simu. Ndege akidhani mgeni kaingia eneo lake, huacha kula akahangaika, na hawa si wengi kiasi cha kuwasumbua kwa ajili ya picha zetu.

Siku ya tatu tulikaa tangu alfajiri. Kama saa nne asubuhi mzee alinigusa goti. Mchakacho ulikuja ukikatika, ukarudi, kisha wakatokea watano. Uso rangi ya kutu, kifua kijivu chenye madoa meusi, mdomo mwekundu, miguu ya manjano. Mmoja aligeuza jani, akadonoa, akapita karibu kiasi kwamba darubini haikunifaa kitu. Machozi yalinitoka, na mzee naye alikuwa akitabasamu kama anamwona mara ya kwanza.

Tuliporudi tulikuta kitanzi cha waya kimetegwa chini, kando ya kijia. Ukikuta mtego, mwite mwongozaji wako na umwoneshe mahali hasa ulipo. Mzee aliufungua, akaukunja waya mara tatu, akautia mfukoni, na tukaendelea kushuka.