Gramafoni ya Marekani kwenye umeme wa Uganda: shida si mkanda

SWALI: Fundi, salaam. Shemeji yangu aliyekuwa akiishi Boston ameniachia gramafoni ya bei kubwa, ya mkanda wa mpira unaozungusha sahani, yenye mkono wa inchi 9 na katriji (kichwa kinachobeba sindano) ya sumaku (MM). Kibandiko cha nyuma kinasema 120 V, 60 Hz, kwa hiyo nilinunua transfoma ya kushusha umeme hadi volti 110. Mashine inazunguka, lakini muziki ni mzito, kana kwamba bendi nzima imechoka. Fundi wa redio alisema mkanda umelegea. Nikabadilisha, hali ikabaki ileile. Halafu kuna mngurumo kwenye spika, na nyimbo za mwisho za kila upande herufi "s" inakwaruza. La mwisho: babu ameacha santuri za kasi ya 78, naweza kuzipiga humo? — Msomaji, Ntinda, Kampala.

JIBU: Mkanda hauna kosa, ndugu. Transfoma inashusha volti tu, masafa ya umeme haiyagusi. Umeme wa hapa ni volti 240 kwa hezi 50, na hizo hezi 50 zinazoingia kwenye transfoma ndizo zinazotoka upande wa volti 110. Mota ya gramafoni ya aina hiyo ni ya sinkronasi, kasi yake inafuata hezi. Mota inayozunguka mara 300 kwa dakika kwa hezi 60 itazunguka mara 250 kwa hezi 50. Sahani iliyopaswa kwenda 33⅓ inakwenda 27.8, na muziki unashuka kwa nusutoni tatu na kidogo. Mwimbaji wa kike anaanza kusikika kama kaka yake.

Hakikisha kabla ya kutoa shilingi. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri, teremsha sindano kama kawaida, kisha hesabu mizunguko kwa dakika 3 kamili. Kasi ikiwa sahihi utapata 100. Ukipata 83, umempata mchawi.

Usiiamini diski ya mistari ya kupimia kasi kama ilikuja pamoja na mashine. Diski ya Marekani ya 33⅓ ina mistari 216, imepigiwa hesabu ya taa inayomweka mara 120 kwa sekunde. Taa ya umeme wa hezi 50 humweka mara 100, na chini ya taa hiyo mistari 216 huonekana imesimama tuli pale sahani inapokwenda 27.8. Diski inakuthibitishia kwamba mambo ni shwari, nawe uko nyuma kwa karibu asilimia 17! Ya huku kwetu inatakiwa kuwa na mistari 180. Na balbu nyingi za LED hazimweki kwa namna ya kusaidia kipimo hiki, kwa hiyo karatasi na saa ya simu vinatosha.

Tiba ziko tatu. Ya kwanza ni kubadilisha puli ya mota, yaani kigurudumu kinachovuta mkanda. Puli ya hezi 50 ni kubwa mara 1.2 kuliko ya hezi 60. Kwa mfano, ikiwa sahani ndogo inayovutwa na mkanda ina kipenyo cha mm 150, puli ya hezi 60 itakuwa karibu mm 16.7 na ya hezi 50 mm 20, unene wa mkanda ukiwa umehesabiwa humo. Mwandikie mtengenezaji kwanza. Wanaouza Marekani na Ulaya kwa pamoja mara nyingi wana puli za aina zote mbili. Ukikosa, mafundi wa mashine za kuchonga chuma pale Katwe wanaweza kukutengenezea kwa shaba ya njano au alumini, ila mweleze fundi kwamba kipenyo ndicho chepesi. Kazi iko kwenye tundu. Tundu likiwa nje ya katikati kwa mm 0.01 tu kwenye puli ya mm 20, kasi inapanda na kushuka kwa moja kwa elfu kila mota inapozunguka, nayo inazunguka zaidi ya mara 4 kwa sekunde. Kosa likifika mm 0.03 au 0.04, noti ndefu ya piano inatetemeka waziwazi. Achonge nje na kutoboa tundu kwa mkupuo mmoja, bila kukifungua chuma kutoka kwenye mashine.

Tiba ya puli inaacha jambo moja: mota ya volti 120 kwa hezi 60 ingependa volti 100 hivi ikipewa hezi 50. Kwa volti 110 itapata joto zaidi na kutetemeka zaidi. Iguse baada ya saa moja. Vuguvugu si neno. Ikishindikana kuishika, zima.

Ya pili ni kidhibiti cha mota, kisanduku kinachopokea umeme wa nyumba na kuunda upya hezi 60 safi kwa kioo cha kwatsi. Ni ghali, lakini ndiyo ninayoipendekeza kwa mashine ya daraja hilo, hasa kwa mtu mwenye jenereta. Jenereta ndogo ya petroli inayotoa hezi 50 huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Friji ikiwaka injini ikashuka hadi 2,850, umeme ni hezi 47.5 na wimbo unalegea katikati ya beti.

Ya tatu ndiyo nafuu, na wengi hawaifikirii. Inveta nyingi za sola zenye wimbi laini (pure sine wave) zina kiswichi cha 50/60. Inveta ndogo ya wati 300 na betri yake, ikiwekwa hezi 60, kisha transfoma yako uliyokwisha kununua, inakupa karibu volti 110 za hezi 60, na umeme ukikatika, upande wa santuri unaisha vizuri. Masharti ni mawili. Inveta hiyo ihudumie gramafoni peke yake. Usiguse kiswichi cha inveta ya nyumba nzima, kwa maana kuna friji na pampu zilizotengenezwa kwa hezi 50. Na isiwe ya wimbi la ngazi, zile za bei ya chini: mota itanguruma, na mngurumo huo utapanda kwenye sindano hadi spika.

Tukija kwenye mngurumo wako: chomoa transfoma ya mota ukutani, acha amplifaya ikiwa imewaka. Mngurumo ukiendelea, mota na transfoma yake havihusiki. Gusa mkono wa chuma wa gramafoni kwa kidole. Mngurumo ukipungua, waya mwembamba wa athi (earth) unaotoka nyuma ya gramafoni haujafungwa, au umefungwa mahali pasipofaa. Ufunge kwenye skrubu ya athi ya kiamplifaya cha fono (kile kinachokuza sauti ya katriji), wala si kwenye bomba la maji au grili ya dirisha. Mngurumo ukiondoka baada ya kuchomoa, sogeza transfoma: iwe umbali wa mita 1 au zaidi kutoka kwenye katriji na nyaya za fono. Katriji ya MM hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na kiamplifaya huzikuza mara mia moja hivi, kwa hiyo chochote chenye sumaku kilicho jirani kinasikika. Muite pia fundi umeme apime athi ya nyumba. Soketi yenye matundu matatu haimaanishi kwamba la tatu limefika ardhini. Na usikate pini ya athi ya amplifaya ili kunyamazisha kelele. Kelele itanyamaza, na siku kukiwa na hitilafu sanduku la chuma litakuwa na volti 240.

Kuhusu "s" zinazokwaruza, eneo lenyewe ni gumu kwa asili. Ukingoni mwa santuri ya inchi 12 mfereji hupita chini ya sindano kwa karibu sm 51 kwa sekunde. Kwenye wimbo wa mwisho ni kama sm 21. Mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Sindano iliyochakaa au iliyopinda kidogo hufichika mwanzoni mwa upande na kuumbuka mwishoni.

Anza na sindano yenyewe. Ya kurithi huijui imecheza saa ngapi, na uhai wa kawaida ni saa 500 hadi 1,000. Kwa katriji za MM sindano huchomoka kwa vidole, kwa hiyo nunua mpya kabla ya kuhangaika na vipimo. Iliyokwisha inachonga santuri zako.

Kisha mashine iwe sawa. Pima maji iwekwe juu ya sahani, pande mbili zinazokatana. Meza ya mvule juu ya sakafu ya zege ni nzuri, na kipande cha granaiti kilichobaki kwa fundi wa jikoni, unene sm 3, kinafaa kuwekwa chini yake. Spika zisikae juu ya meza hiyohiyo.

Sawazisha mkono uelee, rudisha kipimo kwenye sifuri, halafu weka uzito aliotaja mtengenezaji wa katriji. MM nyingi ziko kati ya gramu 1.5 na 2. Tumia mizani ya kidijitali ya gramu 0.01, na sehemu ya kupimia iwe kwenye kimo cha santuri. Watu huogopa uzito na kuupunguza "ili kutunza santuri", na hapo ndipo wanapoziharibu: sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfereji na kugonga kuta. Ukiwa na shaka, kaa nusu ya juu ya kiwango kilichoruhusiwa.

Sasa chapisha protrakta ya Baerwald, karatasi ya kupangia katriji, uhakikishe printa haikupunguza ukubwa kwa kupima mstari wake wa mm 100 kwa rula. Ina alama mbili, mm 66.0 na mm 120.9 kutoka katikati ya santuri. Legeza skrubu mbili za katriji (M2.5) kidogo tu, teremsha sindano juu ya alama, sogeza katriji mbele au nyuma na uizungushe hadi kijiti chembamba kinachobeba sindano kilingane na mistari kwenye alama zote mbili. Tazama kijiti, sanduku la katriji linaweza kudanganya. Nusu milimita hapa ina maana. Kaza, pima uzito tena kwa sababu utakuwa umebadilika, angalia mkono ukae sambamba na santuri, kisha weka kizuia-mvuto, ile nguvu ndogo inayouzuia mkono kuvutwa ndani, kwenye namba sawa na uzito wa sindano. Kama mkwaruzo uko kwenye spika ya kulia zaidi, ongeza kidogo. Kushoto zaidi, punguza.

Santuri za babu usizipige kwa sindano hiyo. Mfereji wa 78 ni mpana: unahitaji ncha ya mikromita 65 hadi 75, na ya kawaida ya LP (santuri za kasi ya 33⅓) yenye ncha ya duara ni kama 18, hivyo itaburuzika chini kabisa kwenye mchanga na uchafu wote. Nunua sindano ya 78 ya katriji hiyohiyo ikiwa ipo, na uzito utakuwa mkubwa zaidi, kwa kawaida gramu 3 au zaidi. Angalia kama kidhibiti cha mota utakachochagua kina kasi ya 78, baadhi vinayo. Santuri zenyewe zioshe kwa maji yaliyochujwa ya betri, yaani maji safi yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo, ukikinga karatasi ya katikati. Spiriti usiisogeze karibu, kwa sababu nyingi za santuri hizo ni za shelaki, na spiriti inaiyeyusha.