Bi Nahodha Ajibu: Tufuate tu Aliye Mbele?

SWALI: Bi Nahodha, shikamoo. Boti yetu nyembamba ya mita 17 haijawahi kutoka mferejini. Sasa tumealikwa kwenye msafara wa kuupanda mto Thames, kutoka Limehouse hadi Brentford, tukipita katikati ya London. Mume wangu anasema kazi ni kufuata tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) ya aliye mbele, basi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na mwambie nimesema mimi.

Msafara una faida: kiongozi amekwisha kupiga hesabu za maji kujaa na kupwa, na injini ikizima yupo wa kukuvuta. Lakini chombo cha mita 13.7 na kuzidi hutakiwa kuwa na redio ya VHF, yaani redio ya mawasiliano ya vyombo vya majini, na nyinyi mmo. Sikilizeni wenyewe chaneli 14, ya waongozaji wa vyombo mtoni, msingoje kusimuliwa.

Wakati wa bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji ya Thames pale London hupanda karibu mita 7. Mtatoka Limehouse yakijaa, mkondo ukiwasukuma kwa nyuma. Ukimganda mwenzako naye akapunguza mwendo ghafla, kurudisha injini nyuma hakutakusaidia upesi, na usukani nao hautii. Acheni nafasi ya kutosha urefu wa boti kadhaa.

Halafu mawimbi. Kuanzia Tower Bridge hadi Westminster boti za abiria ziendazo kasi hupita huku na huku, na mawimbi yake hugonga kuta za mto yakarudi. Boti yenu ina upana wa mita 2 na kidogo, tena tako lake ni bapa. Wimbi la ubavuni litaiyumbisha mpaka sahani ziruke kabatini. Lielekezee omo, yaani mbele ya boti, likishapita rudi upande wako wa kulia. Anayekodolea tezi ya mwenzake hataliona likija.

Mimi, hata hivyo, naogopa zaidi tangi la dizeli. Uchafu uliotulia chini miaka yote mferejini hukorogwa na mawimbi, chujio likaziba, injini ikazima chini ya daraja. Safisheni tangi, wekeni chujio jipya, chukueni na la akiba. Nanga ikae omo, mnyororo wake umefungwa kwenye boti. (Nimewahi kuona nanga chini ya magunia ya makaa. Ya kazi gani hiyo?) Majaketi ya kujiokolea mvae, milango ya mbele mfunge.

Madarajani, piteni upinde wenye taa mbili za rangi ya chungwa zilizo sambamba. Ukiona duara tatu nyekundu, mbili juu na moja chini, upinde huo umefungwa, hata kama aliye mbele amepita.

Brentford mtafika maji bado yanapanda. Piteni mdomo wa mfereji kidogo, geukeni muukabili mkondo, ndipo muingie polepole. Lango la maji la kuingilia mferejini huhudumiwa saa chache tu karibu na wakati maji yamejaa kabisa, kwa hiyo muulizeni kiongozi mapema kama nafasi yenu imewekwa.