Maswali yenu: Dawa ya kutawanya mafuta kwenye bahari ya baridi

SWALI: Ndugu Mhariri, nasikia meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta kule Alaska, dawa ya kutawanya haikufaa kitu kwa sababu maji yalikuwa baridi mno. Ni kweli? – Baharia, Tanga

JIBU: Baridi inasingiziwa, ndugu yetu. Meli hiyo ilipanda mwamba wa Bligh Reef tarehe 24 Machi 1989 na kumwaga lita zipatazo milioni 41 za mafuta ghafi. Siku za mwanzo bahari ilikuwa shwari, na dawa hii bila mawimbi haifanyi kazi. Dawa yenyewe ilikuwa haba, na ndege za kuinyunyizia vilevile. Kisha ikaja dhoruba. Mafuta yakakorogeka na maji yakawa rojo zito la kahawia, na rojo la namna hiyo dawa hailipenyi.

Kazi ya dawa ni kulegeza mvutano kati ya mafuta na maji. Anayeyavunja mafuta ni wimbi. Tone likiwa chini ya mikroni 70 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hubaki limeelea ndani ya maji, bakteria wakalila polepole. Likizidi sana hapo, hupanda juu na kujiunga tena na utando wa mafuta juu ya maji.

Baridi huingia kwa mlango wa mnato, yaani ugumu wa mafuta kutiririka, ambao hupimwa kwa sentistoksi. Chini ya sentistoksi 2,000 mafuta mengi hutawanyika vizuri. Zikifika 10,000, usipoteze dawa. Katikati ya hapo, jaribu sehemu ndogo kwanza. Angalia pia kiwango cha kuganda, yaani joto ambalo chini yake mafuta hayatiririki: maji yakiwa baridi kuliko kiwango hicho kwa nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, mafuta huwa kama ya nazi asubuhi ya Julai, na dawa huteleza juu yake ikaishia majini. Ila baridi ina fadhila moja: hupunguza kasi ya mvuke, hivyo mafuta mepesi huchelewa kuwa mazito na muda wa kuyawahi huongezeka.

SWALI: Kipimo ni kiasi gani, na nitajuaje kama inafanya kazi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Anza na sehemu 1 ya dawa kwa 20 za mafuta. Utando wa milimita 0.1 kwenye hekta moja ni lita 1,000, kwa hiyo dawa ni lita 50. Shida ni kwamba unene haulingani. Lenga mabaka meusi. Utando wenye rangi za upinde wa mvua uache, ni mwembamba mno. Mafuta mazito yanyunyizie dawa isiyochanganywa na maji. Matone yake yawe mikroni 400 hadi 700: madogo hupeperushwa na upepo, makubwa hutoboa utando na kuzama.

Wingu la rangi ya kahawa likitanda chini ya maji, dawa imeshika. Ukiona weupe kama maziwa, umeikosea shabaha au mafuta yameikataa, simamisha pampu. Kwenye baridi, hata hivyo, usikate tamaa mapema, kwani dawa huchelewa kupenya.

SWALI: Na penye barafu? – Msomaji, Oslo

JIBU: Barafu hutuliza mawimbi, basi meli hupitishwa katikati ya mafuta yaliyonyunyiziwa ili propela zikoroge. Pima pia chumvi ya maji: dawa nyingi zimetengenezwa kwa maji yenye gramu 30 hadi 35 za chumvi kwa lita, na barafu inapoyeyuka huacha juu tabaka lenye chumvi kidogo. Hapo tafuta dawa iliyotengenezwa kwa maji yasiyo na chumvi.